Pampu ya siku moja haimalizi kunguni: barua ya wazi kwa wanaosimamia makazi ya wazee

Kwa maafisa wafawidhi wa makazi ya wazee; kwa wakurugenzi na maafisa ustawi wa jamii mnaoyapangia fedha; kwa mapadri, masista, masheikh na vikundi vya kina mama mnaoendesha au kuyafadhili makazi yenu wenyewe.



Nawaandikia kuhusu kunguni. Najua si jambo linalotajwa kwenye kikao cha heshima. Likitajwa, mmoja hucheka, mwingine huanza kujikuna, mwenyekiti husogeza ajenda mbele. Ndiyo sababu nimeona niliandike hadharani, kwa kuwa kwenye vikao limekosa nafasi kwa muda mrefu, na wanaoumwa usiku hawana namba zenu za simu.

Nchi yetu ina makazi ya wazee ya serikali katika mikoa mingi: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Njoro Moshi, Bukumbi Mwanza; Unguja kuna Sebleni na Welezo. Yapo pia ya makanisa na ya watu binafsi. Barua hii haiyashtaki hata moja kati ya niliyoyataja. Makazi ninayoyajua kwa karibu, ambako mzee wa ukoo wetu anatunzwa, sitayataja, kwa kuwa wahudumu wake ni watu wema wenye kazi nzito na mshahara mwepesi, na kwa kuwa kunguni wa pale hawana tofauti na wa kwingine kokote.

Katika makazi hayo alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akilala kitini, barazani, amejifunika kanga mbili. Kwenye daftari la zamu ilikuwa imeandikwa kwamba anahangaika usiku na kwamba huenda akili imeanza kumpotea. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona halali kitandani.

"Marahaba mjukuu wangu," akasema. "Kitanda kile kina wenyewe."

Tukainua godoro pamoja na mhudumu, mchana kweupe, tochi ya simu mkononi. Kwenye pindo la godoro, kule mshono unakokunja kona, kulikuwa na vitone vyeusi kama wino uliovuja kwenye kalamu. Hicho ni kinyesi cha kunguni, yaani damu ya bibi iliyokwisha kusagwa. Kati ya chaga na fremu kulikuwa na magamba makavu, zile ngozi wanazovua wanapokua, na vijiyai vyeupe vilivyogandishwa kwenye ufa wa mbao. Wenyewe tuliwakuta pale parafujo inapoingia, wamebanana. Tukaangalia na fimbo yake ya kutembelea: ndani ya mpira wa chini walikuwamo watatu. Akili ya bibi haikuwa imepotea hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa na jibu la busara kuliko sote.

Nimeanza na bibi huyu kwa sababu mambo mawili yanayomhusu yanajirudia mahali pengi. La kwanza, wazee wengi ngozi zao hazivimbi wakiumwa. Kijana akilala juu ya kunguni ataamka na safu ya vipele mkononi. Mzee anaweza kuumwa kwa wiki nyingi na ngozi isionyeshe kitu. Makazi yanayosubiri mzee alalamike kwanza ndipo yachukue hatua yatakuwa yamechelewa kila mara, achilia mbali wale wasioweza tena kusema. La pili, kukosa usingizi kunamfanya mzee aonekane mgonjwa wa kitu kingine: anasinzia mchana, anajikwaa, anagoma kula, anakuwa mkali. Kunguni hajathibitika kuambukiza ugonjwa, hilo ni kweli na tumshukuru Mungu, lakini madaktari wamewahi kuripoti wazee waliopungukiwa damu kwa kuumwa na kunguni wengi kwa muda mrefu. Kwa hiyo yule anayesema "ni wadudu tu, hawaui mtu" namwomba alale kwenye kitanda kile usiku mmoja.

Utaratibu tuliouzoea mnaujua. Kelele zikizidi, barua inaandikwa wilayani. Miezi inapita. Fedha zikipatikana, fundi anakuja na pampu mgongoni. Wazee wanatolewa asubuhi, wanakalishwa chini ya mwembe na uji wao. Fundi anapulizia sakafu, kuta na, Mungu amsamehe, magodoro. Jioni wanarudishwa kwenye vyumba vinavyonuka dawa. Wiki mbili za kwanza watu wanasifu. Baada ya mwezi mambo yamerudi pale pale, na lawama inamwangukia mzee: hawa hawaogi, hawa wana uchafu wao.

Kilichotokea ni hesabu rahisi. Jike la kunguni hutaga yai moja hadi matano kwa siku, mamia katika maisha yake. Dawa nyingi za kupulizia haziliui yai. Katika joto letu yai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10, na kitoto kikishapata milo mitano ya damu, mmoja kwa kila hatua ya kukua, kimekuwa mkubwa mwenye uwezo wa kutaga. Fundi aliyekuja Jumatatu moja na hakurudi tena ameua wazazi na kuacha watoto. Kampuni za kazi hii zinalijua hilo vizuri. Ratiba ya haki ina marudio baada ya wiki mbili hivi, na pengine mara ya tatu, na ukaguzi katikati. Mkataba wa kupulizia mara moja ni nusu ya kazi iliyolipiwa bei nzima. Mimi ningeenda mbali zaidi: fundi asilipwe kwa lita alizomwaga, alipwe salio lake pale ukaguzi wa mwezi wa pili unapokuta vitanda ni safi.

Halafu kuna suala la dawa yenyewe. Dawa nyingi madukani ni za jamii ya pairethroidi, ndugu wa zile zinazowekwa kwenye vyandarua. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kusambazwa vijijini, kimojawapo cha vitu vilivyowafurahisha watu ni kwamba kunguni walikufa pamoja na mbu. Furaha haikudumu. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania, ambako vyandarua hivyo vilikuwa vimetumika kwa miaka: kunguni wa pale walikuwa wamejenga usugu. Sasa imepita zaidi ya miongo miwili tangu hapo. Fundi akipulizia dawa ile ile mara mbili na kunguni wanatembea juu yake, kuongeza kipimo hakutawaua. Kutamdhuru mzee mwenye pumu aliyelala palepale saa ishirini kwa siku.

Na hapa nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kuna wahudumu waliochoka ambao huchukua dawa ya shambani, iliyokusudiwa pamba au mahindi ghalani, wakaimwaga chini ya vitanda. Vidonge vya kuhifadhia nafaka, vile vya alumini fosfidi, hutoa gesi inayoua binadamu kimyakimya. Katika nchi za Ghuba kuna familia zilizopoteza watoto kwa sababu jirani alitumia vidonge hivyo kuua wadudu nyumbani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo, na ndiyo inayosajili viuatilifu. Dawa isiyo na lebo, iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isivuke geti la makazi ya wazee.

Sasa kinachofaa. Hakina maajabu, na ndiyo shida yake, kwa kuwa hakipigwi picha kikakabidhiwa mbele ya mgeni rasmi.

Kunguni hufa kwa joto. Nyuzi 50 za Selsiasi zikimfikia alipo na kudumu kwa muda, hufa mkubwa, mdogo na yai pamoja. Shuka, foronya, kanga na chandarua vikifuliwa kwa maji ya nyuzi 60 hakuna kitakachobaki hai. Mama zetu walikuwa wakitoa chaga nje na kumwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa. Walikuwa sahihi, na pipa moja la kuchemshia maji linafanya kazi kubwa kuliko lita kadhaa za dawa dhaifu. Kuanika godoro juani pekee, hata hivyo, ni kujifariji. Upande wa juu unaungua, kunguni anahamia upande wa chini wenye kivuli, jioni anarudi kitandani amepumzika.

Kwa godoro dawa ni kava linaloziba pande zote, lenye zipu isiyo na mwanya, godoro likae humo mwaka mzima bila kufunguliwa. Waliomo watakufa njaa, wa nje hawapati mishono ya kujificha. Hapa kuna jambo ambalo wahasibu watalipenda. Wazee wengi wanahitaji mpira wa kitandani kwa sababu ya mkojo, na makazi tayari yananunua mipira hiyo, ambayo hutandikwa juu tu na kuachia pande. Kava kamili lisilopitisha maji linamaliza matatizo mawili kwa fedha ya moja.

Vitanda vya chuma ni bora kuliko vya mbao, ila angalieni yale mabomba yaliyo wazi ncha zake. Ndani ya bomba ni gorofa tupu la kupangisha. Mwaga maji yanayochemka, likauke, ziba ncha. Sogeza kitanda mbali na ukuta, chomeka chandarua chini ya godoro kisiburute sakafuni, weka kila tendegu ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Watu wa zamani walitia mafuta ya taa kwenye makopo. Msifanye hivyo penye wazee wanaovuta sigara na mishumaa wakati umeme umekatika. Na msidanganywe na kopo laini lililo kavu: kunguni wa nchi za joto ana vinyweleo vya kunatia vingi zaidi miguuni kuliko yule wa Ulaya, anapanda mahali ambapo mwenzake angeteleza.

Zaidi ya yote ni macho. Mhudumu mmoja, siku moja ya wiki isiyobadilika, tochi na kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Anapitisha kadi kwenye pindo za godoro, anaangalia kona za chaga, nyuma ya besela, kwenye mishono ya kiti cha magurudumu, chini ya redio. Anaandika kwenye daftari: chumba, kitanda, nimekuta au sijakuta. Kunguni wakikamatwa wakiwa kitanda kimoja, kazi ni ya asubuhi moja ya maji ya moto. Wakikamatwa wakiwa bweni zima, ni zabuni.

Mhudumu huyo lazima awe salama kusema amekuta. Nimewahi kusikia, na nyinyi mmesikia, jinsi mambo yanavyokwenda ugeni ukitangazwa: shuka mpya zinatandikwa, vitanda vibaya vinasukumwa stoo, funika kombe mwanaharamu apite. Mgeni rasmi anaondoka amesifu usafi, stoo inakuwa kitalu. Kama adhabu ya kuripoti ni barua ya onyo, hakuna atakayeripoti. Na wahudumu wenyewe wanabeba kunguni kwenda nao kwao ndani ya mikoba. Wana kila sababu ya kutaka wamalizwe kama hatuwatishi. Aibu haina msingi hapa. Mwaka 2023 taasisi ya Ufaransa inayoshughulika na usalama wa afya ilitoa makadirio kwamba kati ya 2017 na 2022 zaidi ya kaya moja katika kila kumi nchini humo ilivamiwa na kunguni. Sidhani kama Wafaransa wote hao hawaogi.

Naomba niseme neno kuhusu sanduku la mzee. Mtu anayeingia makazini anaacha nyumba, shamba, majirani, na anabaki na begi moja au kisanduku cha bati: kanga za harusi ya binti yake, picha, barua, kofia, kadi ya chama iliyochakaa, pengine hati ya kiwanja ambacho watoto wanakigombania. Siku ya vita na kunguni, mtu mwenye haraka husema vyote vichomwe. Nimeona moshi wa namna hiyo na sitaki kuuona tena. Nguo zinachemshwa. Picha na karatasi zinapitiwa moja moja juu ya shuka nyeupe, mwenyewe akiwa amekaa pembeni anaona, kisha zinafungwa ndani ya mfuko wa nailoni mzito kwa miezi kadhaa huku akijua mfuko wake uko wapi. Inachukua mchana mzima kwa mzee mmoja. Ndiyo, inachukua. Wala asihamishiwe chumba kingine "mpaka tupulizie", kwa kuwa atahama nao, na chumba cha pili kitaingia kwenye orodha.

Kwenu wafadhili. Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, na tena wakati wa Ramadhani na Krismasi, magari huingia makazini yakiwa na mchele, sabuni, mablanketi na magodoro. Mungu awazidishie. Lakini godoro lililotumika, sofa mliyoichoka, mablanketi ya marobota yaliyokaa stoo ya mtu, hivyo ndivyo vyombo vya usafiri vya kunguni. Afisa mfawidhi anaogopa kuvikataa mbele ya kamera. Basi mwondoleeni aibu hiyo: leteni makava ya magodoro, pipa la kuchemshia, mashine ya mvuke, au fedha ya fundi wa kurudi mara ya pili na ya tatu. Na nyinyi wafawidhi, bandikeni getini tangazo kwamba vitu vilivyotumika vinapokelewa nje, vinakaguliwa na kuchemshwa kabla ya kuingia bwenini. Hakuna mfadhili mwenye nia njema atakayekasirika.

Wadudu wengine nitawapitia haraka, isipokuwa palipo na kosa linalojirudia. Kosa hilo liko kwenye upele. Kimelea cha upele huchimba ndani ya ngozi na hupita kwa kugusana. Muwasho wake hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, kwapani. Kunguni huuma sehemu zilizo wazi: mikono, shingo, miguu. Nimeona mzee mwenye kunguni akipakwa BBE, dawa ya upele, wiki baada ya wiki, na chumba cha wenye upele kikipuliziwa dawa ya kunguni. Wote wawili waliendelea kujikuna. Upele unatibiwa kwa watu wote wanaoishi na kuhudumu pamoja, siku moja, wenye dalili na wasio nazo, na tiba hurudiwa kama mganga alivyoelekeza. Bila hivyo unazunguka tu.

Papasi wasichanganywe na kunguni. Hao hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na wanaambukiza homa ya papasi, kwa hiyo penye sakafu hiyo saruji ni matibabu.

Panya na mende huletwa bwenini na njaa ya usiku. Makazi mengi hutoa chakula cha jioni mapema ili wapishi wawahi kuondoka. Mzee aliyekula saa kumi na moja jioni atakuwa na njaa saa nne usiku, naye anajua, ndiyo maana anaficha kipande cha mkate chini ya mto. Panya naye anajua. Kumfokea mzee hakusaidii. Mpeni kopo lenye kifuniko cha kubana, au sogezeni chakula mbele saa moja, au wapeni uji kabla ya kulala. Tumieni mitego; sumu ya panya isiwekwe mahali anapopita mtu ambaye kumbukumbu zake zimepungua, anayeweza kudhani ni chakula.

Nchi yetu iliandika Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na ndani yake kuna maneno mazuri juu ya matunzo na heshima ya mzee. Sina ugomvi na sera. Ugomvi wangu ni na safu za bajeti. Kunguni wamewekwa kwenye dharura, na dharura husubiri barua, kibali na kelele. Waondoeni huko. Wawekeni pamoja na sabuni, kuni na mafuta ya taa, matumizi ya kila mwezi yasiyoombewa ruhusa: posho kidogo ya mkaguzi wa vitanda, makava, sabuni ya makopo, saruji nyeupe ya kuziba nyufa, na mkataba wa fundi wenye marudio. Afisa afya wa kata atie saini kwenye lile daftari kila robo mwaka, akiwa ameinua magodoro kwa mikono yake, siyo akiwa amekaa ofisini na soda.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio huandaliwa miezi kabla. Naomba kila afisa mfawidhi anayesoma barua hii atume mhudumu na tochi wiki hii, ahesabu vitanda vilivyo na kunguni, na idadi hiyo aiandike kwenye makisio yake kama ilivyo, bila kuipunguza. Na naomba anayepitisha makisio hayo asiukate mstari huo.

Wenu mtiifu,
Mwananchi mwenye mzee makazini